Utando wa Siki, Mfupa Uliovunjika na Wajibu Wetu



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia mifupa. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni vigumu kukuta kigango ambacho hakina mtu anayechechemea kwa mguu uliovunjika ukaunga vibaya, au usiounga kabisa. Tangu pikipiki za abiria zilipoenea barabarani, vijana wengi wamejiunga na kundi hilo. Ya pili, katika maabara za nchi mbalimbali wataalamu wanatengeneza kitu kipya cha kuziba pengo la mfupa, na kitu hicho kinatokana na utando unaofanyika juu ya siki.

Msimamo wetu tunausema mapema. Tunaupokea utafiti huu kwa furaha, na tunataka vyuo vyetu viushike. Lakini hautamfaa mtu anayefikishwa hospitali baada ya wiki tatu, mfupa ukiwa umeoza. Kazi ya kwanza ni ya familia na jumuiya zetu, na inaweza kuanza Jumapili hii.

MKONO ULIOPITA KWIHARA

Sisi wa Tabora tunao ushahidi wa kale kuhusu mfupa usiounga. Si mbali na Itetemia, makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe, kuna Kwihara, mahali alipokaa David Livingstone mwaka 1872. Miaka 28 kabla yake, yaani mwaka 1844, simba alimrukia huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko. Mfupa ule haukuunga sawasawa. Mahali ulipovunjika palibaki pakicheza, kana kwamba mkono umeota kiungo kingine. Aliishi na mkono huo karibu miaka 30.

Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake akina Chuma na Susi waliukausha mwili wake wakaubeba kuelekea pwani. Mwezi Oktoba mwaka huo walifika nao Kwihara, na hapo Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa. Wakaendelea na njia ya misafara hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwili ulipofika London, daktari Sir William Fergusson aliutambua kwa kuangalia mfupa ule wa mkono wa kushoto ambao haukuunga.

Tunakumbusha habari hii kwa sababu moja. Livingstone mwenyewe alikuwa daktari, na bado mfupa wake haukuunga vizuri. Mfupa una masharti yake. Yakikosekana haujali cheo cha mtu.

MFUPA NI KITU GANI?

Wengi hudhani mfupa ni kama jiwe au fito ndani ya mwili. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai chenye damu na mishipa ya fahamu, nao hujijenga upya siku zote. Kwa uzito, karibu theluthi mbili ya mfupa ni madini, hasa madini ya kalsiamu na fosfati. Sehemu kubwa ya theluthi inayobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Madini hutoa ugumu, nyuzi hutoa unyumbufu. Ni kama nyumba ya miti na udongo: udongo bila fito huporomoka, na fito bila udongo huyumba.

Watoto wanaweza kuliona hili nyumbani. Chukueni mfupa safi wa paja la kuku, muuweke ndani ya siki kwa siku kadhaa, mkibadilisha siki mara kwa mara. Siki huyayusha madini, na mfupa hupindika kama mpira. Mwingine mkiuchoma motoni hadi uwe mweupe, nyuzi huungua na madini hubaki. Mfupa huo mtauvunja kwa vidole.

Mfupa uliovunjika ukiwa safi, ukitulia na ukipata damu ya kutosha, mwili huujenga wenyewe. Mkono huweza kuchukua wiki sita hadi nane. Paja au muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu, minne au zaidi. Shida kubwa huja pale kipande cha mfupa kinapopotea kabisa. Kinaweza kupotea kwa ajali, kwa uvimbe ulioondolewa, au kwa usaha wa mfupa. Usaha huo huwashika watoto wengi, na hasa wenye selimundu. Pengo likiwa kubwa, mwili hauwezi kulivuka peke yake.

Mpaka leo njia iliyozoeleka ni daktari kuchukua mfupa kidogo kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza penye pengo. Ni njia nzuri, kwa kuwa mwili haukatai kilicho chake. Lakini mgonjwa hupata kidonda cha pili na maumivu ya pili, na mfupa wa nyonga hautoshi kwa pengo kubwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wanatafuta kitu cha kutengeneza.

UTANDO UNAOFUMWA NA BAKTERIA

Akina mama wanaujua utando huu. Juisi ya embe au wanzuki ikiachwa wazi siku nyingi, huchacha ikawa kali kama siki. Wakati mwingine juu yake hufanyika ngozi nzito, yenye utelezi, inayoweza kuinuliwa kwa mkono. Mwaka 1886 Mwingereza Adrian Brown alieleza kwamba ngozi hiyo hutengenezwa na bakteria, na kwamba ni selulosi, yaani kitu kile kile kilicho katika pamba na katika miti.

Bakteria hao, ambao leo wanaitwa Komagataeibacter xylinus, hula sukari na kutoa nyuzi nyembamba mno. Unene wa uzi mmoja hauzidi nanomita 100. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni, na unywele mmoja wa binadamu una nanomita kama 80,000. Nyuzi hizo hufumana zenyewe juu ya kimiminika, mahali penye hewa, zikawa kama kitambaa kilichoshika maji. Utando mbichi ni maji kwa asilimia 99 hivi.

Watu wa Ufilipino huula utando wa namna hii, unaokuzwa katika maji ya nazi na kutiwa sukari. Huko Brazili, tangu miaka ya 1980, utando uliosafishwa na kukaushwa umetumika kufunika vidonda vya moto, kwa sababu huacha kidonda kipumue na hauwashi ngozi.

Hatua ya mfupa ikafuata. Mwaka 2006 watafiti wa maabara ya Oak Ridge na wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, walitangaza njia iliyo rahisi kueleza. Utando uliooshwa ukawa safi, usio na bakteria, huchovywa katika maji yenye chumvi ya kalsiamu, kisha katika maji yenye chumvi ya fosfati, na tena na tena. Nyuzi za selulosi huvuta kalsiamu na kuishika. Fosfati inapofika, chembe ndogo za madini huota katikati ya nyuzi. Madini hayo yanafanana sana na yale ya mifupa yetu. Kitu kinachopatikana huitwa nanokompositi, yaani mchanganyiko wa nyuzi na madini uliofumwa kwa vipimo vidogo sana. Ni mfano wa nyumba yetu ya miti na udongo, isipokuwa hapa selulosi imeshika nafasi ya kolajeni.

Mwaka 2011 watafiti wa Brazili waliripoti kwamba walijaza matundu katika mifupa ya miundi ya panya kwa kitu cha namna hii, na mfupa mpya ukaota mahali pale. Mwili haukukipiga vita. Hiyo ndiyo maana ya kusema kitu kinapatana na mwili.

TUSISHANGILIE KABLA YA WAKATI

Hata hivyo, ni wajibu wetu kuwaambia wasomaji ukweli wote. Mguu wa panya si mguu wa mkulima wa Sikonge. Mchanganyiko huu peke yake hauwezi kubeba uzito wa mtu mzima, hivyo mgonjwa angehitaji bado chuma cha kuushikilia mfupa. Tena mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuyeyusha selulosi. Kijazo kizuri cha mfupa hutakiwa kupotea polepole na kuupisha mfupa halisi. Wataalamu wanaifanyia selulosi mabadiliko ya kikemia ili iweze kuyeyuka mwilini, na kazi hiyo inaendelea.

Tunaonya pia jambo moja bila kuficha: mtu yeyote asichukue utando wa siki ya jikoni akauweka juu ya kidonda. Utando wa maabara husafishwa kwa dawa kali na joto hadi usibaki na kijidudu hata kimoja. Ule wa mtungini umejaa vijidudu.

Na liko jambo kubwa zaidi. Kijazo chochote, kiwe cha nyonga, cha utando au cha kiwandani, kikiwekwa penye usaha hushindwa. Daktari hulazimika kwanza kuusafisha mfupa, pengine mara nyingi, kabla ya kufikiria kuujaza. Kwa hiyo mgonjwa atakayefaidika na ugunduzi huu ni yule aliyefikishwa mapema, kidonda chake kikiwa safi. Aliyecheleweshwa nyumbani hata ugunduzi wa mwaka 2050 utamkuta hana mguu.

YANAYOWEZEKANA LEO

Je, mtu akianguka na kuvunjika, tufanye nini?

Ikiwa kuna kidonda, tufunike kwa kitambaa safi na kukandamiza ili damu isimame. Mfupa ukionekana nje tusiusukume ndani. Tusiweke udongo, majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala tumbaku. Vitu hivyo huleta usaha na pepopunda.

Tufunge banzi, yaani ubao au fito zilizozungushiwa kanga, zikishika kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika. Tusikaze sana. Tumwambie mgonjwa achezeshe vidole kila mara. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, damu haipiti. Tulegeze mara moja na kuongeza mwendo kwenda hospitali. Mkono au mguu unaweza kufa kwa saa chache.

Tusimpe chakula, maana huenda akahitaji upasuaji. Tumpeleke siku hiyo hiyo. Kidonda kilichofunua mfupa kinahitaji kuoshwa na daktari, dawa ya kuua bakteria katika saa za mwanzo, na sindano ya pepopunda. Mtoto mwenye homa, anayelia akiguswa mguu na kukataa kuukanyagia hata kama hakuanguka, naye apelekwe siku hiyo hiyo. Huenda ni usaha wa mfupa unaoanza, na ukikutwa mapema dawa huweza kuumaliza.

Tunafahamu kwamba wengi huanza kwa waunga mifupa wa jadi. Hatuwadharau. Mfupa uliovunjika bila kidonda, na bila kuachana, mara nyingi huunga vizuri ukitulizwa, na baadhi ya wazee hawa wana mikono ya upole kuliko vijana wengi wenye vyeti. Lakini tunawaomba mambo matatu: wasipokee mtu mwenye kidonda penye mvunjiko, wasikande mfupa uliovunjika, na wasikaze fito hadi vidole vipoe. Mzee anayesema huyu si wa kwangu, mpelekeni Kitete, huyo ni tabibu wa kweli.

Jambo jingine linatugusa sisi wa Tabora kwa namna ya pekee. Mkoa wetu unajulikana kwa tumbaku. Moshi wa tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha mfupa kuunga. Mgonjwa aliyevunjika mguu akiacha sigara anajitibu mwenyewe bila kulipa senti. Na ale vizuri: maziwa au mtindi, maharage, mboga za majani, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Mifupa ya dagaa ni madini yale yale ya kalsiamu na fosfati tuliyoyataja.

KWA WANAOSEMA HAYA SI YETU

Kuna watakaosema: kwa nini ukurasa wa parokia uzungumzie nyuzi za nanomita wakati zahanati inakosa dawa za malaria? Tunawaheshimu wenye hoja hii, lakini hatukubaliani nao. Vitu vinavyohitajika hapa ni sukari, bakteria, maji safi, chumvi mbili za kawaida na mtafiti mvumilivu. Nchi yenye maembe yanayooza chini ya miti kila msimu, na mkoa wenye asali kama wetu, haikosi sukari. Tukikaa kimya, siku moja utando huu utarudi kwetu ndani ya paketi yenye bei ambayo mkulima haiwezi.

Tayari tunajua kwamba kifaa kinaweza kubuniwa kwa kuwafikiria wasio na uwezo. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN la Marekani limekuwa likitoa vyuma vya kuingizwa ndani ya mfupa wa paja au muundi, vilivyobuniwa kutumika hata mahali pasipo na mashine ya kumulika mfupa wakati wa upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni kati ya waliovitumia. Basi tunaviomba vyuo vyetu, na hasa Chuo Kikuu Kikatoliki cha Sayansi za Afya kilichoko Bugando, Mwanza, viwape vijana kazi ya namna hii. Wazazi nao wasimkatishe tamaa binti anayependa kemia kwa kumwambia haina ajira.

Wengine huuliza kama Kanisa linaruhusu kuweka mwilini kitu kilichotengenezwa, au mfupa wa mtu mwingine. Kifaa cha tiba kinachomsaidia mgonjwa bila kumdhuru hakina kosa. Na kuhusu viungo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2296, inakuhesabu kuvitoa baada ya kufa kuwa tendo jema linalostahili sifa, mradi kuwe na ridhaa.

YA KUFANYA KATIKA JUMUIYA

Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10, alifanya mambo matatu ambayo tungependa kila jumuiya ndogo ndogo iyafanye.

Alifunga majeraha. Basi kila kigango kiwe na sanduku lenye vitambaa safi, bandeji, glavu na banzi, na katekista pamoja na watu wawili watatu wafundishwe na muuguzi wa zahanati iliyo karibu jinsi ya kuvitumia.

Alimpandisha mnyama wake. Basi kila jumuiya iwe na orodha ya wenye magari na namba zao za simu, ibandikwe mlangoni mwa kanisa. Tukubaliane pia kwamba mwenye mguu uliovunjika habebwi juu ya pikipiki akikalishwa katikati ya watu wawili. Alazwe, mguu ukiwa umefungwa banzi.

Alilipa. Hapa ndipo wagonjwa wengi hukwama. Familia hukaa kikao siku nne kutafuta ng'ombe wa kuuza, na siku hizo nne ndizo usaha huingia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tunawahimiza wote kufuatilia utaratibu wake na kujiandikisha kabla ya kuugua. Lakini bima hailipi nauli ya usiku. Mfuko mdogo wa jumuiya, unaochangiwa kila mwezi na kutunzwa na watu waaminifu kwa maandishi, unaweza kumtoa mtu kijijini saa hiyo hiyo, kikao cha ukoo kikaendelea nyuma yake.

Wale waliombeba Livingstone walitembea miezi mingi wakiwa na mwili wa marehemu, na walipoambiwa wautue Kwihara walikataa. Kutoka Itetemia hadi hospitali ya Kitete sisi hatuhitaji miezi. Tunayembeba yu hai, na bado mguu wake unaweza kupona. Waamini waulizane baada ya Misa ya Jumapili ijayo: sanduku letu liko wapi, gari ni la nani, na mfuko anautunza nani?